Shajara ya Mradi wa Tundu la Laini: Kutoka Meza ya Fundi Simu, Ngamiani, Tanga

Tarehe 4 Machi

Ninaanza kuandika baada ya kufungua simu ya tano ndani ya wiki moja iliyoletwa kwa lalamiko lile lile: haisomi laini. Wenye simu hizo hawafanani kwa kazi wala kwa umri, na simu zenyewe ni za watengenezaji mbalimbali, lakini kila mmoja alipofika mezani alianza kwa kujilaumu. Mama mmoja muuza samaki wa Deep Sea, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniambia, "Mwanangu, nimeiharibu mwenyewe kwa haraka zangu," kabla hata sijaigusa simu yake. Nilipolitazama tundu kwa lenzi niliona springi (vibati vidogo vinavyoigusa laini) mbili kati ya sita zimekunjika kuelekea nje, na ya tatu haipo kabisa. Springi haikunjiki hivyo kwa sababu ya haraka. Hukunjika hivyo pale kitu kilichoingia bila taabu kinapozuiwa kutoka.

Kwa muda mrefu mafundi tumekuwa tukibadilisha soketi, kupokea fedha na kumwambia mteja awe mwangalifu zaidi. Sitaki kuendelea hivyo kabla sijajua uangalifu huo ungemsaidia wapi na wapi usingemsaidia. Kwa hiyo, kuanzia leo, kila simu itakayoletwa kwa tatizo la laini nitaiandika hapa pamoja na aina ya tundu lake, namna lilivyoharibika, na jambo ambalo mwenye simu alikuwa akilifanya tatizo lilipotokea. Nikishaelewa vya kutosha nitajaribu kutengeneza kifaa cha kupimia tundu bila kuifungua simu, kwa kuwa kuifungua simu iliyogundishwa kioo kwa ajili ya kutafuta kosa ambalo huenda liko kwenye kadi ni kumtia mteja hasara mara mbili. Simu zilizofungiwa mtandao mmoja na zile zenye hitilafu ya antena hazimo katika mradi huu.

Tarehe 9 Machi

Leo nilipima kadi zote nilizo nazo kwenye droo kwa kalipa ya kidijitali, nikalinganisha na viwango vilivyochapishwa. Laini ya kwanza kabisa, iliyotolewa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland, ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, yaani milimita 85.6 kwa 53.98. Baadaye ikaja ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwenye vitochi, milimita 25 kwa 15. Kisha mikro, 15 kwa 12. Na mwisho nano, 12.3 kwa 8.8. Kilichokuwa kikipungua muda wote huo ni plastiki iliyozunguka chipu, na miguso ya dhahabu ilibaki katika mpangilio ule ule. Ndiyo maana laini ya zamani iliyokatwa kwa mkasi inaweza kufanya kazi ndani ya simu mpya.

Inaweza kufanya kazi, lakini kwa gharama, na gharama hiyo imo katika unene. Kadi tatu za mwanzo zote zina unene wa milimita 0.76, ilhali nano ina 0.67. Tofauti ya 0.09 haionekani kwa jicho, na mteja aliyekatiwa laini yake na wakala barabarani hana namna ya kuijua, lakini tundu la nano linaijua. Kadi ya 0.76 iliyokatwa hadi upana wa nano hubanwa kati ya springi na bati la juu, huingia kwa kusukumwa, na kila inapotolewa huzikandamiza springi kupita kiasi zilichoundiwa. Baada ya muda springi hazirudi tena juu, na siku mwenye simu anapoweka nano halisi, ambayo ni nyembamba zaidi, springi haziifikii. Hapo huambiwa kwamba laini yake mpya ni mbovu.

Nimepata simu mbili za namna hiyo mwezi huu. Zote mbili zilitibika kwa kuziinua springi kidogo kidogo kwa ncha ya sindano chini ya hadubini, kazi inayohitaji subira zaidi ya utaalamu.

Tarehe 17 Machi

Huu ndio ukurasa niliokuwa nikiungoja, kwa sababu leo nimeelewa kilichotokea kwenye simu ya mama wa Deep Sea.

Simu yake ina tundu la mikro la kusukuma moja kwa moja, lisilo na trei. Laini yake ni nano, kwa hiyo muuza vocha alimpa adapta, yaani kile kifremu cha plastiki kinachoiongezea nano ukubwa. Adapta ile haina sakafu. Ni fremu tupu, na kadi hushikiliwa na kingo zake tu. Siku moja mama aliivuta kadi ili aiazime simu ya jirani, fremu ikatoka nusu, kadi ikabaki ndani. Springi zikainuka katikati ya dirisha la fremu lililokuwa wazi, na alipoendelea kuvuta, ukingo wa dirisha ukazikamata kwa nyuma.

Nilimchorea mwanagenzi wangu jinsi springi zinavyokaa, akaniambia, "Fundi, hili ni dema." Yeye ni mtoto wa mvuvi wa Raskazone, na sijapata maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo. Mdomo wa dema humruhusu samaki aingie kwa sababu fito zimeelekezwa ndani, na fito hizo hizo humzuia anapogeuka. Springi za tundu la kusukuma nazo zimefungwa upande wa mlangoni, na ncha zake zikaelekezwa ndani ili kadi inapoingia iteleze juu ya mgongo wake. Kadi nzima, isiyo na dirisha, hutoka vile vile kwa kuteleza. Chochote chenye ukingo wa wazi hunasa kwenye ncha.

Jambo linaloniuma ni kwamba dawa ilifikiriwa mapema. Nano ilifanywa nyembamba kuliko kadi zilizoitangulia kwa makusudi, ili adapta iweze kuwa na sakafu nyembamba nyuma ya kadi na jumla yake isizidi 0.76. Ile 0.09 niliyoiandika wiki iliyopita ndiyo nafasi ya sakafu hiyo. Adapta zinazouzwa mitaani zimeiacha sakafu ili kupunguza gharama ya plastiki, na mnunuzi huona kifremu kinachofanana na kingine chochote.

Tumeanza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuiokoa simu kabla springi hazijakatika: mteja akija na adapta iliyonasa hatuivuti hata kidogo, bali tunakata ukanda mwembamba wa filamu ya eksirei, tunaupenyeza chini ya fremu hadi uzifunike springi zote na kuzilaza, kisha tunatoa fremu na ukanda kwa pamoja. Njia hii imefaulu kwa simu tatu kati ya nne, na ile ya nne ililetwa baada ya mwenyewe kuwa amekwisha kuivuta kwa koleo. La pili ni kutokuuza tena adapta isiyo na sakafu. Zile nilizokuwa nazo nimezivunja.

Tarehe 2 Aprili

Masika yameanza, na simu zenye kutu zimeongezeka. Upepo wa bahari una chumvi, mifuko ya wavuvi na wauza samaki ina maji ya chumvi, na dhahabu iliyopakwa juu ya springi ni utando mwembamba sana ambao msuguano wa kadi huuondoa. Ukishaondoka, shaba iliyo chini hugeuka kijani. Tunasafisha kwa spiriti safi na brashi laini. Tumewaomba wateja waache kusugua laini kwa wembe au kwa kifutio cha penseli, kwa sababu kinachong'aa baada ya kusugua ni shaba iliyovuliwa nguo. Kwa leo sina zaidi.

Tarehe 11 Aprili

Siku nzima ya trei.

Simu janja nyingi za miaka hii zina trei inayotolewa kwa kuchoma pini kwenye kitundu kidogo cha pembeni. Faida zake ninazikiri bila kusita. Kadi hulazwa kwenye kitanda chake, haisugui springi kwa ukingo wake, na mpira mwembamba uliozunguka mdomo wa trei huzuia maji na vumbi. Fundi anayesema trei ni ubaya mtupu hajafungua simu za zamani za kutosha.

Hata hivyo, nimeandika aina nne za uharibifu zinazotokana na trei yenyewe. Wa kwanza na unaonisikitisha kuliko yote ni wa kitundu. Katika simu kadhaa kitundu cha pini na kitundu cha maikrofoni vimewekwa karibu, vina ukubwa unaokaribiana, na hakuna alama yoyote inayovitofautisha. Kijana mmoja mwanafunzi alichoma kile kisichokuwa chenyewe, akasukuma kwa nguvu kwa kuwa trei haikutoka, na tangu hapo anayempigia hamsikii. Alama ndogo ya nukta iliyochongwa kwenye bati ingetosha kumwokoa. Wa pili ni wa uso. Trei zinazobeba laini mbili mara nyingi huandikwa 1 na 2 kwa herufi za kuchonga zisizo na rangi, ambazo mtu wa makamo hawezi kuzisoma bila miwani, na baadhi ya trei hutaka kadi moja itazame juu na nyingine chini, hivyo ya chini huanguka kabla trei haijafika mlangoni. Kadi iliyoanguka nusu hukunjika kati ya trei na bati, na kinachofuata ni trei isiyotoka wala kuingia. Wa tatu ni wa kupinda: trei za plastiki huchoka kwenye ukuta mwembamba unaotenganisha kadi mbili. Wa nne ni wa mpira, ambao hukauka au hupotea, na mwenye simu huendelea kuamini kwamba simu yake haiingizi maji.

Kuna swali ambalo wateja wengi huniuliza: kwa nini trei ziliingia kabisa? Sehemu ya jibu lake imo katika ubishi wa mwaka 2012. Wakati Taasisi ya Ulaya ya Viwango vya Mawasiliano, ETSI, ilipokuwa ikichagua umbo la nano, upande mmoja ulikuwa na pendekezo la Apple na upande mwingine la Nokia likiungwa mkono na Motorola na RIM, watengenezaji wa BlackBerry. Nokia walidai kwamba pendekezo lao lingeweza kuingia kwenye simu bila trei, ilhali lile la Apple lingehitaji trei ya kuilinda kadi. Muundo uliokubaliwa mwezi Juni mwaka huo uliegemea pendekezo la Apple, na leo trei ndiyo kawaida. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Ninasema kwamba ulikuwa uamuzi kuhusu kadi, na trei ikaachwa mikononi mwa kila mtengenezaji aichonge atakavyo.

Matokeo yake yako juu ya meza yangu sasa hivi. Nina trei kumi na nane za simu mbalimbali zilizokufa, na hakuna hata mbili zinazobadilishana isipokuwa zilizotoka kwenye simu za toleo moja. Mteja aliyepoteza trei, kipande cha bati chenye uzito usiofika hata wa sarafu, anaweza kukaa mwezi mzima bila simu kwa sababu toleo lake halina vipuri sokoni. Kadi ina kipimo kimoja kuanzia Tanga hadi Osaka. Mlango wa kadi hauna.

Tarehe 20 Aprili

Tundu la mseto ni lile ambalo nafasi yake ya pili hupokea ama laini ya pili ama memori kadi, si vyote viwili. Kwa mtu mwenye laini moja ni mpango mzuri. Kwa wateja wangu ni kuwalazimisha wachague kati ya fedha na picha. Watu wa huku hawana laini mbili kwa anasa. Mkulima mmoja kutoka milima ya Usambara alinieleza kwamba mtandao mmoja ndio unaoshika kijijini kwake, na mwingine ndio wanaoutumia wanunuzi wa iliki kumlipia. Akitoa mojawapo, ama hapatikani ama halipwi. Kwa hiyo yeye huchomoa memori kadi asubuhi ya siku ya soko na kuirudisha jioni, na tundu lililokusudiwa kuguswa mara chache kwa mwaka hufunguliwa kila wiki.

Hapo ndipo ilipozuka ile mbinu ya kuyeyusha plastiki ya laini kwa moto wa kiberiti, kuibandua chipu yake na kuigundisha juu ya memori kadi ili vyote vikae nafasi moja. Tumebishana leo na fundi mwenzangu wa barabara ya pili, ambaye huifanya kazi hiyo na huifanya kwa ustadi. Hoja yake ni kwamba mteja anahitaji, na mtengenezaji amemnyima. Ninakubaliana naye kuhusu haja, lakini siwezi kuifanya. Memori kadi pekee ina unene wa milimita 1.0 katika sehemu yake nene, chipu na gundi huongeza juu yake, na joto la simu likilainisha gundi, chipu hubaki ndani wakati kadi inatoka. Zaidi ya yote, chipu ikipasuka mteja atalazimika kurudisha laini, na tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa nchini mwanzoni mwa 2020, kurudisha laini ni safari ya kwenda kwa wakala na namba ya kitambulisho cha Taifa na kidole kinachosomeka. Wazee waliolima kwa jembe maisha yao yote wana vidole ambavyo mashine huvikataa mara tatu, mara nne. Sitamtia mzee katika safari hiyo kwa ajili ya nafasi ya picha.

Hatukukubaliana. Ameniahidi kuniletea tundu lolote litakaloharibika kwa mbinu yake, ili tulichunguze pamoja.

Tarehe 5 Mei

Kifaa cha kupimia, jaribio la kwanza: limeshindikana.

Wazo ni rahisi. Ukiwa na kadi bandia yenye miguso sita, na kila mguso umeunganishwa na waya unaotoka nje ya simu, unaweza kupima kila springi kwa mita bila kufungua kitu. Nilichukua laini iliyokufa, nikaondoa chipu, nikalehemu nyuzi nyembamba za shaba zenye varnishi kwenye miguso, nikazilaza mgongoni na kuzifunika kwa gundi. Kalipa ilisoma milimita 0.94. Sikuiingiza kwenye simu ya mtu yeyote. Niliijaribu kwenye soketi tupu iliyong'olewa, nayo ikapindua springi ya ardhi, yaani ile ya upande hasi wa umeme. Niliyokuwa nikiwaonya wateja nimeyafanya mwenyewe juu ya meza, na nimejifunza kwamba unene hauna mjadala: chochote kitakachozidi 0.67 hakina ruhusa ya kuingia.

Tarehe 19 Mei

Jaribio la pili limefaulu, angalau kwa matundu ya aina mbili.

Badala ya nyuzi nimetumia mkanda mwembamba wa saketi, ule unaopatikana ndani ya simu zilizokufa ukiunganisha vitufe vya pembeni na bodi. Nilikwangua utando wake, nikapata njia sita za shaba, nikazipanga zilingane na miguso, nikaubandika juu ya kiini cha plastiki kilichopunguzwa kwa msasa hadi jumla ikawa milimita 0.66. Mkia wa mkanda unatoka nje kwa urefu wa kidole, na mwishoni nimelehemu pini sita ambazo ncha za mita zinaweza kuzishika.

Ninaandika namna ya kuutumia ili mwanagenzi wangu na wengine wasitegemee kumbukumbu. Simu huzimwa kabisa. Mita huwekwa kwenye kipimo cha dayodi, ncha nyekundu kwenye ardhi ya simu, na ncha nyeusi hugusa pini moja baada ya nyingine. Kati ya miguso sita, mitano ndiyo ambayo laini haiwezi kufanya kazi bila hiyo: umeme, uwashaji upya, saa, data na ardhi. Ule wa sita zamani ulikuwa wa umeme wa kuandikia, na leo hutumika katika baadhi ya simu kwa malipo ya kugusisha. Kwenye pini ya ardhi mita inatakiwa kulia. Pini za umeme, uwashaji upya, saa na data zinatakiwa kuonyesha thamani, ambayo katika simu nyingi zinazopita kwangu hukaribia nusu volti. Pini isiyoonyesha chochote maana yake springi haifiki au njia imekatika kwenye bodi. Pini inayolia pasipotakiwa maana yake kuna mgusano, na mara nyingi chanzo chake ni kutu au springi iliyolalia jirani yake.

Baada ya hapo simu huwashwa, na hapa kuna jambo ambalo liliwahi kunipotosha kwa miaka. Nilikuwa nikitafuta umeme kwenye springi ya kwanza, nikikosa nikidhani bodi imekufa. Simu haiachi umeme pale wakati wote. Hutoa volti 1.8 kwa muda mfupi, huiamsha kadi na kungoja ijitambulishe. Isipojibu hupandisha hadi 3, na isipojibu tena hukata. Mita ya kawaida huliona tukio hilo kama mruko mdogo tu, kwa hiyo macho yasibanduke kwenye kioo chake sekunde za mwanzo. Tena simu nyingi hazitajaribu kabisa ikiwa swichi ndogo iliyo pembeni mwa tundu, ile inayotambua kwamba kuna kadi, haijabanwa. Nimepata simu ambayo springi zake zote sita zilikuwa nzima, ila kibati cha swichi kilikuwa kimelegea. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa mahali pengine anunue simu nyingine.

Kibati hicho kilikunjwa kikarudi mahali pake kwa dakika tano.

Tarehe 26 Mei

Kifaa hakifanyi kazi kwa simu za trei, na sababu ni ile ile niliyoiandika Aprili. Uso wa trei huziba mlango, hivyo mkia wa mkanda hauna pa kutokea. Njia pekee niliyoipata ni kuchukua trei ya simu iliyokufa ya toleo lile lile na kuikata uso, kisha kuitumia kama kitanda cha kifaa. Kwa kila toleo inatakiwa trei yake. Nimekata saba hadi sasa na kuziandika namba kwa kalamu ya wino mzito.

Tarehe 8 Juni

Bibi mmoja wa Pongwe ameleta kitochi ambacho laini yake imeshikiliwa kwa karatasi ya sigara iliyokunjwa mara nne, iliyowekwa kati ya kadi na betri. Mjukuu wake ndiye aliyeiweka. Kibati cha kufunika laini kilikuwa kimeng'oka bawaba, na karatasi ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kwa muda mrefu, hadi ilipolowa.

Nimeitazama soketi ile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kadi hulazwa juu ya springi na kufunikwa, kwa hiyo haisuguliwi ikiingia wala ikitoka. Springi zote zinaonekana kwa macho. Ikivunjika, mjukuu mwenye karatasi anaweza kuitibu. Ubaya wake ni kwamba betri lazima itolewe, na katika simu nyembamba ya leo yenye betri iliyofungiwa ndani muundo huo hauna nafasi, jambo ninaloelewa. Lakini kanuni yake, kadi kushuka kutoka juu badala ya kuburutwa kwa ubavu, ndiyo ambayo trei iliyochongwa vizuri inaifuata, na ndiyo ambayo tundu la kusukuma limeiacha.

Nimelehemu bawaba mpya kutoka kwenye kitochi kilichokufa. Bibi aliniuliza, "Karatasi niitupe, baba?" Nikamwomba aniachie, nayo imebandikwa kwenye ukurasa huu.

Tarehe 23 Juni

Vijana wawili wameniuliza wiki hii kama kazi hii yote haitakufa hivi karibuni, kwa sababu laini za kidijitali zisizo na kadi zimeshafika. Ni kweli kwamba tangu 2022 iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 hazina trei kabisa, na baadhi ya mitandao ya Kenya na Tanzania tayari inatoa huduma hiyo. Tundu lisilokuwepo haliharibiki, na kwa mwenye simu inayokubali huduma hiyo ninaipendekeza kwa moyo mweupe.

Ninapowatazama wanaoketi kwenye benchi langu, hata hivyo, naona matumizi ambayo kadi pekee ndiyo inayoyaweza. Mama wa Deep Sea, simu yake ikiwa bado kwangu, hutembea na laini kwenye pindo la khanga, huiweka kwenye simu ya jirani asubuhi na jioni ili apokee malipo yake. Kijana wa bodaboda betri ikimwishia huhamishia laini kwenye kitochi. Wapo wasio na simu kabisa, mali yao ni laini tu. Kwao kadi ni kama ufunguo wa sanduku la fedha, na ufunguo huo huchomekwa na kuchomolewa mara ambazo aliyechora tundu hakuzihesabu. Katika nyaraka za watengenezaji wa soketi ni kawaida kukuta ahadi ya mara 5,000, lakini ahadi hiyo ni ya kadi iliyonyooka, safi, yenye unene sahihi, inayoingizwa na mashine.

Tarehe 6 Julai

Karatasi ya ukutani imekamilika. Ina michoro minne ya aina za matundu, utaratibu wa kupima wa tarehe 19 Mei, namna ya kuokoa adapta iliyonasa kwa filamu ya eksirei, na onyo kuhusu kitundu cha maikrofoni. Nimetoa nakala kwa mafundi wa Ngamiani wanaoihitaji, akiwemo mwenzangu wa barabara ya pili, ambaye aliipokea na kunikabidhi soketi moja ya mseto iliyong'olewa springi zake zote, kama alivyoahidi. Hatukuzungumza mengi. Aliichukua adapta moja yenye sakafu, akaipima kwa kalipa yangu, akasoma 0.76, akauliza zinapatikana wapi.

Kadi ya majaribio ya pili imeanza kuchakaa kwenye njia ya data, hivyo ninatengeneza ya tatu kwa mkanda mnene kidogo na kiini chembamba zaidi.

Tarehe 13 Julai

Simu ya mama wa Deep Sea imetoka leo. Soketi mpya imelehemiwa, springi zote sita zimepimwa kwa kifaa kabla ya kufunga na baada ya kufunga, na laini yake imewekwa ndani ya adapta yenye sakafu. Nilimweleza kwamba kosa halikuwa lake, nikamwonyesha kile kifremu cha zamani na ukingo wake ulivyozikamata springi. Alikishika muda mrefu, akasema, "Basi mwanangu, na yule jirani yangu anacho hiki hiki." Nimempa adapta ya pili ampelekee.

Iliyobaki ni simu ya yule mteja aliyepoteza trei. Trei niliyoagiza Kariakoo imefika kwa basi la mchana, na ni fupi kuliko inavyotakiwa kwa nusu milimita. Nimeirudisha kwenye bahasha, na kesho nitajaribu kuichonga ya bati kwa tupa, nikitumia mdomo wa simu yenyewe kama kipimo.